Siku za bandarini: ziara ya meli, gari la kukodi, treni, au kubaki melini?

Tulia_Baharini (mleta mada)

Salamu kwenu nyote. Mwezi wa Septemba mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye ana umri wa miaka 71 na magoti yasiyopatana na ngazi, tutasafiri kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Bandari zetu ni Livorno, Civitavecchia na Napoli nchini Italia, kisha Santorini na Piraeus nchini Ugiriki, na karibu kote meli itafika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 12 au saa 1 jioni. Nimekwama kati ya njia nne: kununua ziara zinazouzwa na meli yenyewe, kukodi gari na dereva, kwenda wenyewe kwa treni, au kubaki melini tukapumzika. Mume wangu anataka tuchague njia moja na kuitumia safari nzima ili tusisumbuke. Mimi nasita, ila sina hoja ya kumshinda. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie.

Mzee_wa_Gatini

Dada Tulia, hoja ya kumshinda shemeji iko kwenye ramani. Piraeus iko kilomita 10 hivi kutoka katikati ya Athens, Civitavecchia iko kilomita 70 na ushei kutoka Roma, na Livorno iko kilomita 90 hivi kutoka Florence. Napoli meli hufunga gati mjini kabisa, mkitoka tu mnaiona ngome ya Castel Nuovo mbele yenu, ilhali Santorini meli kubwa hazifungi gati, hukaa majini na abiria wakapelekwa pwani kwa mashua. Sasa bandari zenye hali tofauti namna hiyo zitapewaje jibu moja?

Kabla ya kulinganisha bei au starehe, hesabuni saa. Meli kufika saa 1 asubuhi si kusema kwamba ninyi mtakuwa nchi kavu saa 1, kwa kuwa kuna kibali cha bandari na foleni ya kushuka. Na ikiwa itaondoka saa 1 jioni, abiria hutakiwa wawe wamerudi nusu saa au hata saa nzima kabla. Chukueni mfano wa Civitavecchia: saa 12 za kwenye ratiba zinabaki 10. Toeni basi la bandarini na kusubiri stesheni, toeni treni ya kwenda na kurudi, ambayo kila upande ni takriban saa moja, kisha wekeni akiba ya saa moja na nusu endapo treni itachelewa. Mnabaki na saa 5 za kukaa Roma. Anayejua kwamba ana saa 5 hupanga tofauti kabisa na anayedhani ana 12, na mara nyingi hapo ndipo njia ya kusafiri inapojichagua yenyewe.

Ngazi_Basi

Mimi ni mtetezi wa ziara za meli, nasema wazi tangu mwanzo. Ziara ya meli ikichelewa, meli huisubiri, au kampuni hubeba jukumu la kuwafikisha abiria wake bandari inayofuata. Aliyekwenda kivyake akichelewa, huachwa gatini na kujigharimia. Nimewahi kuwaona watu wawili wakikimbia gatini huku mabaharia wakikaribia kuondoa ngazi, mama mmoja kashika viatu mkononi, nasi tuliokuwa sitaha ya juu tukiwapigia makofi, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu.

Kwa Santorini hasa, kwa ajili ya mama, msiwaze mara mbili. Anayekwenda mwenyewe hushushwa na mashua katika bandari ya zamani chini ya Fira, mji mkuu wa kisiwa hicho, na kutoka pale kuna njia tatu tu za kufika juu: vibanda vinavyovutwa kwa kamba za chuma, mgongo wa punda, au ngazi zinazokaribia 600, ambazo punda hao hao huzipita siku nzima na kuziachia kila walichonacho. Ziara nyingi za meli huwashusha watu bandari ya Athinios, ambako basi huwa linasubiri na kuwapandisha kwa barabara. Isitoshe, wenye ziara hupewa mashua za kwanza.

Treni_na_Viatu

Ndugu Ngazi_Basi amesema kweli, lakini ameacha nusu ya habari. Nyingi ya ziara hizo za Santorini hupanda kwa basi na kuishia Fira, na hapo kila mtu hujipanga katika foleni ile ile ya vibanda ili ateremke. Kupanda asubuhi si taabu. Taabu ni kuteremka alasiri, meli tatu nne zinapowaita watu wao kwa wakati mmoja na foleni ikaingia vichochoroni. Someni maelezo ya ziara mpaka mstari wa mwisho mjue inaishia wapi.

Kuhusu Roma sikubaliani naye. Ziara ya basi husubiri watu 40 wakusanyike, na baada ya hapo mnatembea kwa mwendo wa mchovu kuliko wote. Treni za kawaida kutoka Civitavecchia husimama Roma San Pietro kabla ya kufika Termini, stesheni kuu ya Roma, na kutoka stesheni hiyo hadi uwanja wa Mtakatifu Petro ni mwendo wa miguu wa robo saa hivi. Wasiojua hupitiliza mpaka Termini, kisha wakavuka mji mzima kurudi walikotoka. Angalieni na siku ya wiki. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na Florence makumbusho ya Uffizi na Accademia hufungwa Jumatatu. Hakuna ziara wala treni itakayowafungulia mlango uliofungwa.

Mzee_wa_Gatini

Naongeza kuhusu gari la kukodi, maana halijaguswa. Kwa watu watatu, mmoja wao mwenye magoti mabovu, nadhani Napoli ndiyo mahali pake. Mkitaka kwenda kwenye magofu ya mji wa kale wa Pompeii kwa treni ya Circumvesuviana, ni dakika 40 hivi, lakini wakati wa watalii mnaweza kusimama njia nzima, na lango mtakaloshukia linawapeleka kwenye barabara za kale zenye mawe makubwa yasiyo sawa. Dereva anaweza kuwashusha upande wa Piazza Anfiteatro, ambako huanzia njia iliyosawazishwa kwa ajili ya wenye shida ya kutembea. Kateni tiketi mapema, kwa kuwa tangu Novemba 2024 wanaoingia Pompeii hawazidi 20,000 kwa siku na tiketi huandikwa jina.

Jambo la kukubaliana na dereva kwa maandishi: meli isipofika, hela inarudi? Nahodha anaweza kuiruka bandari kwa sababu ya upepo. Ziara ya meli ikifutwa kwa namna hiyo mnarudishiwa fedha bila kudai. Kwa dereva inategemea mapatano yenu.

Bi_Kimya

Kubaki melini msikudharau. Siku ya bandari meli huwa tupu, viti vya kivulini havigombewi. Mimi hubaki siku moja katika kila safari, na huchagua bandari iliyo mbali na mji.

Saa_Mkononi

Tahadhari moja. Ugiriki iko mbele ya Italia kwa saa moja. Usiku ule tulipokuwa baharini kati ya nchi hizo mbili, meli ilisogeza saa zake, lakini simu yangu, ambayo nilikuwa nimeizima mtandao, ilibaki na saa ya Italia. Nilikuwa nimeketi kivulini nikiamini ni saa 10:10, mpaka mke wangu alipotazama saa ya kanisa na kuniuliza kwa nini inasema saa 11:10. Mwisho wa kurudi ulikuwa saa 11:30. Tangu hapo navaa saa ya mkononi na kuirekebisha kwa saa ya meli kabla ya kushuka.

Tulia_Baharini (mleta mada)

Nawashukuru sana. Mume wangu ameusoma uzi huu jana usiku na hakusema neno, nami nimechukulia kwamba amekubali. Livorno mama atabaki melini kwa furaha, nasi wawili tutakwenda Pisa tu, ambako treni haifiki hata nusu saa, Florence tukaiacha kwa safari nyingine. Roma tutashuka San Pietro. Napoli ni gari na dereva, Piraeus ni teksi asubuhi na mapema, kwa kuwa Acropolis, ngome ya kale ya Athens, nayo huingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Kuhusu Santorini nimewauliza wenye meli ziara tuliyoipenda inaishia wapi, wakajibu Fira. Ipo nyingine inayorudi kwa basi hadi Athinios, haipiti sehemu nyingi kama ile ya kwanza, na ndiyo tuliyoiandikisha leo.