Mjadala: Je, wanaojitolea waruhusiwe kushika mwiko wa kuchimbia mambo ya kale?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba uchimbaji wa mambo ya kale usiachwe mikononi mwa watu wanaojitolea, kwa sababu eneo la kale huchimbwa mara moja tu na tabaka la udongo likishavurugwa halirudishiki. Msingi wa hoja yake siupingi. Kigae cha chungu kikishang'olewa udongoni, ushahidi unaosalia ni ule tu ulioandikwa kukihusu: kilikuwa katika kina gani, katika udongo wa rangi ipi, na kililala kando ya nini. Ninachopinga ni hitimisho lake, maana anachukulia kwamba kinacholinda tabaka ni cheti cha mchimbaji.

Tuchukue mfano wa Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, mwaka 1939. Aliyeifichua meli ile ya maziko ya karne ya 7, yaani meli iliyofukiwa ardhini kuwa kaburi, ni Basil Brown, mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 12 na kujifundisha fani hii mwenyewe. Mbao zilikuwa zimeoza zote, zikaacha chapa yake mchangani pamoja na safu za misumari ya chuma iliyoliwa na kutu. Brown hakuing'oa misumari hiyo. Aliiacha pale pale ilipo na kuufuata mstari wake taratibu, mpaka umbo la chombo chenye urefu wa takribani mita 27 likajitokeza. Chumba cha maziko kilipofikiwa, usimamizi ulikabidhiwa kwa Charles Phillips, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na sioni ubaya katika hilo. Lakini msimu huo huo walimu wawili waliokuwa likizoni, Mercie Lack na Barbara Wagstaff, walipiga mamia ya picha za meli hiyo bila kuajiriwa na yeyote. Michoro ya awali ya wapimaji ilipopotea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, picha hizo zikawa miongoni mwa ushahidi ambao watafiti wa baadaye waliutegemea.

Nakiri kwamba wenye vifaa vya kutambua metali wananitia mashaka zaidi. Aliyeigundua hazina ya Staffordshire, vitu vya kale vya dhahabu na fedha vilivyofukiwa shambani huko Uingereza, mwaka 2009 alichimba kwa siku kadhaa kabla ya kutoa taarifa. Hata hivyo, mpango wa Uingereza na Wales wa kuandikisha vitu vinavyookotwa na raia, ulioanza mwaka 1997, umekwisha kurekodi vitu zaidi ya milioni moja, na vingi vyake vimetoka katika udongo uliokwisha kupinduliwa na majembe ya matrekta, ambako tabaka lilikuwa limevurugika zamani.

Kwa maoni yangu, hatari iliyo kubwa zaidi haijatajwa na yeyote humu. Bajeti inapopunguzwa, anayejitolea hugeuzwa kuwa kibarua asiyelipwa: hupewa ndoo na chekeche kwa wiki mbili, haonyeshwi daftari la kumbukumbu, na ripoti ya mwisho haioni kamwe. Wakati huo huo fundi mchimbaji aliyekuwa akilipwa hukosa kazi, na nafasi hubaki kwa wastaafu na wanafunzi wenye wa kuwagharimia. Huo si ushiriki wa umma, hata ukipambwa kwa jina hilo.

Ndiyo maana ningependa masharti yawe juu ya mradi wenyewe kabla ya kuwa juu ya mtu: anayejitolea apewe daftari siku ile ile anayopewa mwiko, msimamizi asibebeshwe watu asioweza kuwafuatilia mmoja mmoja, kazi za ajira zisijazwe kwa watu wa bure, na ripoti iandikwe kwa lugha ambayo wakazi wa eneo husika wanaisoma.

Mchangiaji mwenzangu atujibu basi swali hili: yale masanduku ya vigae yanayokaa ghalani kwa miaka bila kuoshwa wala kuandikwa namba, yakiwa yamechimbwa na wataalamu wenye vyeti vyote, yeye anapendekeza yashughulikiwe na nani?