Naomba ushauri: mashine ya Bitcoin S9 ya mtumba kwa joto la vifaranga, Pongwe Tanga

Mfugaji_Pongwe
Habari za jioni wanajukwaa. Nafuga kuku chotara hapa Pongwe. Naingiza vifaranga 300 kila awamu, awamu sita kwa mwaka, na kila awamu wanahitaji joto la kulelewa kwa wiki tatu. Siku zote nimetumia vyungu viwili vya mkaa. Julai iliyopita kulikuwa na baridi na upepo, nikafunga madirisha yote usiku. Asubuhi nikakuta 41 wamekufa. Hewa ya mkaa ndiyo iliyowamaliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia mle mara mbili usiku huo kuwaangalia. Tangu siku hiyo natafuta joto lisilo na moshi.

Binamu yangu aliyeko Dar ana mashine ya zamani ya kuchimba Bitcoin (ile sarafu ya kidijitali), Antminer S9. Anataka laki tatu na nusu pamoja na pawa saplai yake. Anasema inatoa joto kama hita, na hapo hapo inaingiza hela, kwa hiyo umeme unajilipa wenyewe. Mwenye uzoefu anisaidie. Joto lake linatosha? Umeme unajilipa kweli? Na nikienda kuikagua niangalie nini?

Fundi_Ngamiani
Dada, pole sana kwa vifaranga, na ushukuru Mungu hukulala mle ndani.

Nianze na hela maana ndiyo chambo chenyewe. S9 ilitoka 2016. Inafanya terahashi 13.5 kwa sekunde (terahashi moja ni majaribio ya hesabu trilioni moja) na inakula wati 1,350 hivi. Mwaka 2025 mtandao mzima wa Bitcoin ulivuka terahashi bilioni moja kwa sekunde. Tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani kifurushi cha miamala anachokamilisha mchimbaji, inalipa bitcoin 3.125 badala ya 6.25, na kwa siku zinatoka bloku kama 144, maana yake wachimbaji wa dunia nzima wanagawana bitcoin 450 kwa siku. Fungu la S9 moja hapo ni satoshi 600 na ushee (satoshi milioni mia moja ni bitcoin moja). Nikichukua bei ya dola 100,000 na dola moja kwa shilingi 2,500, unapata kama shilingi 1,500 kwa saa 24. Wewe weka bei ya siku utakayopiga hesabu.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wati 1,350 kwa saa 24 ni uniti 32.4. Tarifa ya kawaida ya nyumbani ni shilingi 292 kwa uniti, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (msimamizi wa nishati) asilimia 1 inafika 356. Zidisha uone: 11,500 kwa siku. Mashine inakula 11,500 na kurudisha 1,500. Katika kila shilingi 100 ya umeme unarudishiwa 13.

Binamu yako hajasema uongo kuhusu joto. Umeme wote unaoingia kwenye S9 unatoka kama joto, wati kwa wati, sawa na hita ya bei yoyote. Lakini haizidi hita hata kidogo. Nataka kujua kitu kimoja kabla sijaendelea: mita ya hapo ni ya nani, na mnanunua uniti kwa bei gani?

Mfugaji_Pongwe
Ahsante sana fundi. Mita ni ya mama, banda liko uani kwake. Tunapata uniti kwa shilingi 100 na ushee.

Fundi_Ngamiani
Basi hapo simama kabisa. Hiyo ni tarifa ya wenye matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi. S9 inamaliza uniti 75 kwa siku mbili na ushee. Ukizidi hapo uniti zinapanda bei, na wakiona matumizi yameendelea hivyo mama anahamishiwa tarifa ya kawaida. Utakuwa umempandishia umeme wa taa na friji kwa ajili ya kuku wako. Joto lolote la umeme utakalochagua, hata taa, banda liombewe mita yake.

Tumaini_Makorora
Mkuu, kwani asichimbe peke yake bila kujiunga na kundi la wachimbaji wanaogawana malipo? Akibahatika bloku moja ni bitcoin tatu nzima.

Fundi_Ngamiani
Ndugu yangu, kwa ukubwa wa mtandao wa sasa S9 moja itapata bloku kwa wastani mara moja katika miaka 1,400. Huyu dada ana vifaranga wanaokuja mwezi ujao.

Mama_Kuku_Muheza
Mwanangu, mimi mambo ya Bitcoin siyajui ila vifaranga nimelea miaka mingi. Nimemwonyesha kijana wangu hiyo mashine, akaniletea video. Nilichoona mimi ni upepo. Ile kitu ina feni mbili zinavuma kama mashine ya kusaga. Kifaranga wa siku moja hapendi upepo hata ukiwa wa moto. Unamkausha, anapungukiwa maji, mkundu unaganda kinyesi, siku ya nne unaanza kuokota. Anataka joto lililotulia, nyuzi 33 mpaka 35 wiki ya kwanza, kisha unashusha nyuzi tatu kila wiki.

Halafu maranda na manyoya. Vumbi la banda linaingia kila mahali. Feni itavuta vumbi lile lote ndani ya mashine yenye moto. Mimi naogopa moto kuliko baridi.

Mfugaji_Pongwe
Shikamoo mama. Nilifikiri niiweke chumba cha pili, hewa ya moto iingie bandani kwa bomba la bati.

Mama_Kuku_Muheza
Marahaba mwanangu. Hilo la chumba cha pili ni afadhali. Lakini umeme ukikatika usiku unafanyaje? Mkaa utaurudisha tu.

Mvuvi_Sahare
Niongee mimi niliyeumia. Nilinunua S9 ya mtumba, nikaiweka chumba cha uani hapa Sahare, mita mia tatu hivi kutoka baharini. Mwezi wa tano bodi moja ikafa. Nilipoifungua viungo vilikuwa na kutu ya kijani. Hewa ya chumvi inapulizwa juu ya zile chipu usiku na mchana, na bodi hazina kinga yoyote. Pongwe ni mbali kidogo na bahari, lakini wewe una kitu kibaya zaidi, amonia ya kinyesi cha kuku. Ile hewa inayokuwasha macho bandani inakula shaba vilevile.

Kelele nazo usizidharau. Ni desibeli 75 au zaidi, usiku kucha. Jirani yangu alivumilia wiki mbili, akaja kunigongea mlango saa nane usiku akiwa na mtoto mchanga mkononi. Niliizima palepale, na kuanzia siku ile sikuiwasha tena usiku. Ikafa ikiwa ya mchana tu.

Baridi_Lushoto
Nisikilizeni na mimi wa milimani, maana mashine hii si mbaya kila mahali. Lushoto Juni mpaka Agosti usiku tunavaa sweta mbili. Chumba cha wazazi nilikuwa nakiwashia hita ya wati 1,500 na nanunua umeme kwa tarifa ya kawaida. Hela ile ingetoka tu. Nikapata S9, nikaweka programu ya Braiins inayoruhusu kupunguza nguvu, nikaishusha mpaka wati 850. Feni zikapunguza mwendo, kelele ikapungua sana, nikaiweka koridoni na hewa inaingia chumbani. Msimu wa pili huu. Ile 13 katika 100 kwangu ni hela ya kweli kwa sababu joto nilikuwa nalinunua tayari, na saa zote ikiwaka joto linahitajika. Wewe Pongwe usiku una nyuzi 20 hivi hata wakati wa kipupwe. Kinachokusumbua wewe ni banda linalovuja, mashine haitaliziba.

Fundi_Ngamiani
Baridi_Lushoto amenena. Dada, tazama hesabu ya kwako. Awamu sita za wiki tatu ni siku 126. Ukiwasha usiku tu, saa 12, ni sawa na siku 63 kamili. Mara 1,500 ni 94,500 kwa mwaka. Laki tatu na nusu ya binamu inarudi baada ya karibu miaka minne, umeme sijautaja. Na kabla ya hapo, 2028, malipo ya bloku yanakatwa nusu tena. Mashine mpya kama S21, kwa umeme uleule, inafanya kazi karibu mara sita ya S9. Hao ndio unaogawana nao.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Bruda (kizimba cha kulelea vifaranga) ya duara, kifuniko cha plaiwudi juu kwa kimo kidogo, taa tatu za joto za wati 250, na tamostati, yaani kidhibiti joto. Hata zikiwaka saa 12 bila kuzima ni uniti 9, kama shilingi 3,200 kwa usiku, na tamostati itazizima mara nyingi. Juu acha tundu la hewa, usizibe tena kama Julai. Chungu kimoja cha mkaa kiwe nje tayari kwa siku ya kukatika umeme, kiingizwe kikiwa kimeshika vizuri na dirisha moja wazi.

Uliuliza pia kukagua, nisikuache hivihivi. S9 ina bodi tatu, kila bodi chipu 63. Iwashwe mbele yako usiku mzima, dakika kumi hazitoshi. Fungua ukurasa wake kwenye kompyuta, chipu nzima zinaonyesha alama ya o, mbovu x. Chunguza soketi za pini sita za umeme, plastiki iliyoyeyuka au kuwa kahawia ni dalili ya joto kali. Nusa. Angalia anwani ya malipo, mashine nyingi za mtumba zina programu iliyoharibiwa inayopeleka kazi kwa mtu mwingine, kwa hiyo programu iwekwe upya kwa kadi ya kumbukumbu. Haina waifai, inataka ruta yenye waya. Na ujue kwamba tangu Julai 2024 sheria yetu ina kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali.

Mfugaji_Pongwe
Nimesoma yote mara mbili, nikamsomea na mama. Kilichonikata ni mita yake, sikuwa nimewaza kabisa. Nimempigia binamu usiku huu kumwambia sichukui. Kesho naenda kuuliza utaratibu wa mita ya banda na bei ya plaiwudi pale Kange. Mama wa Muheza, kifuniko kikae kimo gani kutoka chini?

Mama_Kuku_Muheza
Anza na sentimita 45, mwanangu, kisha waangalie wao. Wakijibana katikati shusha, wakikimbilia pembeni wanahema mdomo wazi pandisha. Usiamini kipimajoto peke yake.

Baridi_Lushoto
Dada, kama binamu bado anauza, mimi natafuta ya pili kwa chumba cha bibi. Muulize bodi ngapi nzima na kama ataiwasha usiku mzima nikija Dar. Laki tatu na nusu ni nyingi, lakini tutaongea.