Mkono wa roboti unakosa kikombe kwa sentimita nzima, nimekwama

FundiSinza
Habari wakuu. Nina mkono wa roboti aina ya SO-100, nimeuunda mwenyewe hapa Sinza, mota 6. Nimeufundisha kuokota kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa Kariakoo, na kukiweka kisahanini. Nimeuonyesha mara 50. Unaanza vizuri, ukikaribia kikombe unapinda kidogo, kisha unazidi kupotea, mwisho vidole vinafumba hewani. Jioni ndiyo balaa kabisa. Hii wiki ya pili nakesha nao. Nirekodi mifano 200 mingine?

GiaNaMota
Subiri kwanza mkuu. Mota hizo husoma pembe kwa hatua 4096 kwa mzunguko; kwa mkono wa sentimita 40, hatua moja ni kama milimita 0.6. Sentimita nzima haitoki hapo. Uache umesimama na umeme ukiwaka, tikisa kiwiko: gia zinacheza? Skrubu je? Kamera haijasogea? Hilo la jioni ni mwanga tu. Funga pazia, tumia taa moja.

Bi Kodi
Mtoa mada, hapo uliposema "unazidi kupotea" ndipo penye ugonjwa. Mifano yako yote ni safi, kwa hiyo mkono haujawahi kuona namna ya kurudi njiani ukishakosea. DAgger, mbinu ya kufundisha roboti ya mwaka 2011, ilijengwa juu ya jambo hilohilo: acha roboti itende yenyewe, pale inapopotea mwalimu aonyeshe angefanya nini, changanya na data ya zamani, fundisha upya. ACT, mbinu ya 2023, ilipita njia nyingine: inatabiri hatua 100 kwa mpigo, sawa na sekunde 2 za mwendo, kwa hiyo nafasi za kosa kuzaa kosa zinapungua.

Na nijibu hili: unarekodi pembe za mkono upi, unaoongoza (ule unaoushika wewe ukionyesha) au unaofuata (ule wenye mota unaouiga)?

FundiSinza
Unaofuata! Programu niliandika mwenyewe, niliona huo ndio unaofanya kazi.

Bi Kodi
Rekodi unaoongoza kama amri. Unaofuata huchelewa na hulemewa na uzito wake. Ile tofauti kati ya mikono miwili ndiyo nguvu ya kubana kikombe, na wewe umekuwa ukiitupa.

FundiSinza
Nimerudi wakuu. Skrubu ya kiwiko ilikuwa imelegea, nimekaza. Nimerekodi upya mara 50 kwa mkono unaoongoza, pazia limefungwa. Leo kikombe kimekaa kisahanini mara 7 kati ya 10, na hiyo ni saa moja usiku! Zile 3 zote kimegonga ukingo wa kulia. Kesho narekodi masahihisho ya upande huo tu. Bi Kodi, asante sana dada.