Wauza boti za faiba, acheni kukata ubao wa tezi kwa msumeno!

Wadau wa bahari, hili limezidi. Muuza boti atakutajia urefu wa chombo, rangi na nguvu ya mashine, ila kimo cha ubao wa tezi, ule wa nyuma unaofungwa mashine, hakitaji ng'o! Mashine ya shingo fupi, yaani mguu mfupi unaoshuka hadi kwenye propela, inataka ubao wa sentimita 38 hivi, ya shingo ndefu 51. Ni kupima tu kwa futi ya fundi, ukingo wa juu mpaka chini ya mkuku, uti wa chini wa boti.

Ukifunga fupi kwenye ubao wa 51, bapa la juu ya propela linakaa sentimita 13 juu ya mkuku. Propela inakamata hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Tundu la kunyonyea maji ya kupoza mashine nalo linameza hewa, raba ya pampu inaungua. Halafu mvuvi anaambiwa eti kachanganya oili vibaya!

Dawa ya wauzaji sasa ni msumeno, ili mashine fupi ifike majini. Ubao unashushwa, wimbi la nyuma linaingia chomboni kipindi cha upepo wa kusi, na plaiwudi iliyo katikati ya faiba inaachwa wazi inywe maji ya chumvi mpaka ioze. Kabla hujalipa, gonga ubao wote kwa mpini wa bisibisi: penye mlio mkavu ni pazima, panapofifia pameoza. Kisha shika kichwa cha mashine ukitikise. Ubao ukicheza, ondoka.

Chini ya sakafu wengine wanajaza maboya meupe ya kufungia televisheni, eti yaeleze boti. Petroli ikiyafikia yanayeyuka, boti ikijaa maji inazama moja kwa moja. Huku ni kucheza na roho za watu.

Wauza mishipi nanyi! Nailoni iliyoning'inia juani dukani imekwisha nguvu. Mnunuzi, piga fundo, lilowanishe kwa mate, vuta kwa mkupuo. Ikikatika kirahisi, irudishe. Anayefuata nguru msimuuzie mshipi mtupu, meno yale yanakata nailoni kama wembe. Anahitaji waya, hata sentimita 30, kabla ya ndoana. Na ndoana namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Hesabu inageuka kuanzia 1/0, hapo 5/0 ndiyo kubwa kuliko 2/0. Mbona mnawapa watu kinyume?

Andikeni kimo cha ubao wa tezi na shingo ya mashine kwenye risiti. Aliyekwisha kukata kwa msumeno arudishe hela za watu.