Nyumba bila ardhi Mtopanga au fleti Kiembeni? Naomba ushauri

Nesi wa Usiku
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni nesi, kazi yangu iko kisiwani Mombasa na mara nyingi huwa zamu ya usiku. Nimepanga Mwembe Tayari. Mchana ndio wakati wangu wa kulala, na mchana ndio mabasi yanapiga honi chini ya dirisha langu. Nataka kwangu mwenyewe, mtaa uliotulia, nilale na mwanangu asome.

Nimeona mbili, zote ng'ambo ya daraja. Moja ni nyumba ya Kiswahili kule Mtopanga, vyumba vinne, uani mna kisima na mnazi. Milioni 1.6. Lakini ni nyumba bila ardhi: nanunua kuta na mabati, kiwanja ni cha mtu, nami nitamlipa kodi ya ardhi shilingi 600 kwa mwezi. Ya pili ni fleti ya vyumba viwili Kiembeni, milioni 4.2. Akiba yangu ya sacco inatosha ile ya Mtopanga bila kukopa wala kudaiwa. Ya Kiembeni lazima nikope, na riba siitaki. Mamangu aniambia nichukue Mtopanga. Yeye kazaliwa nyumba kama hiyo Majengo na hakuna aliyewahi kuwatoa. Nami ule ua nimeupenda sana. Niambieni kweli.

Karani Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Nimekuwa karani wa mawakili hapa mjini maisha yangu yote ya kazi. Mamako asema kweli, watu wamelea wajukuu ndani ya nyumba hizo, Majengo, Kisauni, Likoni. Jambo hili ni la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai ukanda wa pwani ajiandikishe. Waliojua wakapata hati. Wengi hawakujua, ardhi ikawapita, na waliokuwa na hati wakawa wanakodisha viwanja ili watu wajenge.

Sasa sikiliza. Utakachonunua ni mapatano. Jina lako haliingii kwenye rejista ya ardhi. Benki haitaipokea nyumba hiyo kuwa dhamana. Ukitaka kupandisha ghorofa, mwenye ardhi sharti aridhie. Huyo anayepokea 600 huenda ni mzee mpole, lakini akifa, warithi wakamuuzia mtu wa maghorofa, wewe utaletewa barua ya kuhama. Barua hizo nimezipiga chapa mimi, na waliozipokea walikuwa watu wenye risiti zao za kodi zote, hakuna mwezi uliokosekana. Usimalize akiba yako hapo.

Kama moyo umeganda Mtopanga, muulize mwenye kiwanja kama atakuuzia na ardhi yenyewe. Bei itapanda, lakini utapata hati.

Jirani wa Kiembeni
Dadangu, utulivu upo lakini si kila jengo. Nenda Jumamosi usiku usikie muziki unatoka wapi, na urudi siku ya mvua kubwa uone barabara. Usafiri kwako utakuwa mwepesi kuliko kwetu: jioni sisi tunatoka mjini, wewe unaingia; asubuhi sisi tumekwama daraja la Nyali, wewe unarudi kulala.

Maji ndiyo ya kuulizia sana. Usimuulize dalali, muulize mama wa ghorofa ya chini. Majengo mengi huku yanategemea kisima, maji yana chumvi, mifereji inaoza, na ya kunywa unanunua kwa mitungi.

Abu wa Tudor
Kuhusu riba, zipo benki za Kiislamu hapa, Gulf African iko tangu 2008, na benki nyingine zina dirisha la Kiislamu, yaani kitengo kisichotoza riba. Uliza musharaka ya kupungua: mnanunua pamoja, unalipa kodi kwa sehemu ya benki huku unainunua sehemu hiyo kidogo kidogo mpaka iwe yako yote. Wakuandikie jumla utakayokuwa umelipa mwishoni.

Weka pesa taslimu pembeni. Ushuru wa stempu, unaolipa serikali ukinunua mali, mjini ni asilimia 4, kwa fleti hiyo ni 168,000. Anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba nafuu amesamehewa, kwa hivyo jiandikishe pia Boma Yangu, tovuti ya mpango huo, hata kama foleni ni ndefu. Na wakili awe wako, asiwe wa muuzaji. Muulize kama fleti ina hati yake yenyewe. Sheria ya 2020 inaruhusu kila fleti iwe na hati.

Nesi wa Usiku
Mungu awalipe. Nimempigia mwenye kiwanja wa Mtopanga. Asema kuuza anaweza, ila hati iko kwa nduguye Maskati na yeye hapa ni mkusanyaji kodi tu. Anataka nimpe 100,000 aifuatilie. Mzee wangu, wasemaje?

Karani Mstaafu
Usimpe hata ndururu. Mwambie akupe nambari ya kiwanja, wakili wako aitafute kwenye rejista aone jina la nani limeandikwa. Kisha huyo ndugu alete hati ya uwakala iliyosajiliwa, inayosema wazi kwamba mtu huyu ana ruhusa ya kuuza. Kukusanya kodi si kuuza. Akishindwa kukupa nambari tu, mwanangu, nenda Kiembeni ukaulizie maji.