Mavyaa ananikanda matiti mpaka nalia, na maziwa bado kidogo

mzazi_mpya, Langoni
Asalaam aleikum mama zangu na dada zangu. Nimejifungua mtoto wa kwanza, hana hata wiki. Mavyaa huja asubuhi na jioni na taulo la maji moto na mafuta ya nazi, akanikanda matiti kwa nguvu. Anasema maziwa yameganda ndani, lazima yavunjwe. Mtoto ananyonya kidogo halafu analia, na leo nimesikia jikoni wanazungumzia maziwa ya kopo. Kumkatalia siwezi, ndiye anayenipikia, na mamangu yuko Mombasa. Kukanda kunaongeza maziwa kweli?

BiMkubwa_Shela
Aleikum salaam, hongera mwanangu. Mimi nimekandwa uzazi wangu wote. Lakini nguvu za nini? Ziwa si unga wa chapati! Mkono unapita juu juu tu, mafuta kidogo, kisha mwana anawekwa anyonye papo hapo. Na mchuzi wa pweza usiukose.

nesi_wa_wazazi
Mkono mwepesi, naam. Kukanda kwa nguvu huumiza titi na kuzidisha uvimbe. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, mwili hutoa prolaktini ya kuyatengeneza na oksitosini ya kuyasukuma yatoke. Maumivu na wasiwasi huizuia hiyo ya pili. Pweza mle, ni chakula kizuri, ila si yeye anayejaza titi.
Sasa nijibu: ananyonya mara ngapi? Nepi ngapi zinalowa kwa siku? Una homa?

mzazi_mpya
Nepi nne hivi. Mchana kila baada ya saa tatu. Usiku mavyaa humchukua ili nilale, humpa maji ya sukari. Chuchu zimechanika, titi la kushoto gumu. Homa sina.

nesi_wa_wazazi
Basi anzia kwenye hayo maji ya sukari. Tumbo lake ni dogo mno, likijaa maji hanyonyi, na titi lisiponyonywa hupunguza kazi. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku usiurushe, maana ndipo prolaktini hupanda zaidi. Chuchu huchanika mtoto akishika ncha peke yake. Ngoja aachame, aingize mdomoni na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, kidevu kiguse titi. Hilo gumu likamue kidogo kwa mkono kabla hajanyonya ili lilainike, na akimaliza weka kitambaa baridi.
Kuanzia siku ya tano tunataka nepi sita au zaidi, kwa hiyo nne hazinipendezi. Kesho apelekwe hospitali ya King Fahd, hapa Lamu, apimwe uzito, nao wamtazame anavyoshika titi. Ukipata homa au wekundu, nenda siku hiyo hiyo, usingoje arobaini, na usiache kunyonyesha.

baba_wawili
Na mumeo je? Si mamake huyo? Aseme naye yeye.

BiMkubwa_Shela
Wee, mwanamume akisema itakuwa "mkeo kakutuma". Mwanangu, usimtaje nesi wala simu. Mwambie, "Mama, mgongo ndio unaniuma, nikande huko."

nesi_wa_wazazi
Tena mgongo husaidia kweli maziwa kushuka! Uiname mezani, akukande pande mbili za uti wa mgongo, toka shingoni hadi chini ya mabega, kisha umnyonyeshe.

mzazi_mpya
Hilo nitaliweza. La maji ya sukari ndilo naliogopa.

BiMkubwa_Shela
Hilo lala naye mwana ubavuni. Akilia, ziwa liko karibu kuliko kikombe.