The Gifted, Watchmen, Supergirl ama Falcon: ipi inaonyesha ubaguzi na serikali kupitiliza kuliko zote?

Mzee_wa_Flashi (Arua)
Salaam wakubwa. Naomba msaada kidogo. Nina laptopu na projekta, kila Jumamosi vijana wanajaa kwenye kibanda changu, kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi, Wakongo na wale wa Sudan Kusini, lugha inayotukutanisha wote ni Kiswahili basi mi ndo VJ mwenyewe, natafsiri muvi kwa sauti huku inaendelea. Wamechoka na muvi za kupigana tu, wanataka tamthilia ya watu wenye nguvu za ajabu lakini yenye kichwa, ile ambayo mkizima mashine bado mnabishana nje mpaka mlinzi awafukuze. Nataka kuchagua moja.

Yangu mpaka sasa ni The Gifted, ya Fox, ilitoka Oktoba 2017. Iko hivi, Reed Strucker ni mwendesha mashtaka Atlanta, kazi yake kuwafunga mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, na anafanya kwa sheria kabisa, hapigi mtu wala hatukani mtu, anarudi nyumbani anakula na familia. Halafu siku moja mtoto wake wa kiume anaonewa kule shuleni, jengo linaanza kupasuka, kumbe mtoto ni mutanti, na dada yake naye ni mutanti miaka yote alikuwa anaficha. Jioni hiyo hiyo watu wa Sentinel Services, idara ya serikali inayowinda mutanti, wako mlangoni. Yaani zile karatasi alizokuwa anasaini ofisini ndo zinakuja kugonga kwake. Epi ya pili keshakaa yeye kwenye kile kiti cha kuhojiwa.

Sizoni mbili, epi 29 zote. Nyinyi mnasemaje?

Nyabo_wa_Kasese
Gifted ni nzuri ila imekatwa njiani ssebo, Fox waliifunga 2019 ikaishia na mlango umefunguliwa na hakuna aliyetuambia nini kipo upande ule. Mi bado nina hasira.

Nenda Watchmen ya HBO, 2019, epi 9 tu na imekwisha imekamilika. Inaanza na Tulsa 1921, mtaa wa Greenwood wa watu weusi unachomwa moto na wazungu, na hiyo si hadithi, ilitokea kweli, kuna Wamarekani wazima walioisikia mara ya kwanza kupitia hii tamthilia. Halafu inaruka mpaka siku hizi, ambapo polisi wa Tulsa wanavaa barakoa kazini kwa sababu wabaguzi wa Seventh Kavalry waliwavamia majumbani usiku wa Krismasi.

Kuna kipande kimoja mwanzo kabisa ambacho mi nakirudia. Afande mweusi anasimamisha gari barabarani usiku, dereva amebeba letasi nyuma, afande anahisi hapako sawa, anarudi kwenye gari lake anaomba kwa redio afunguliwe bastola. Maana bastola za polisi zimefungwa, mpaka mtu wa ofisini aruhusu! Yuko huko anabishana na ofisi, masharti, maswali, na dereva huku keshajitayarisha. Serikali iliyojaribu kuwafunga mikono polisi wake kwa nia nzuri, na bado polisi hao hao baadaye wanavamia kambi ya mabanda ya wazungu maskini wanapiga kila mtu wakiwa wamefunika nyuso. Hakuna upande ulio safi. Angela, stelingi wetu, naye anaishia kupiga.

Mzee_wa_Flashi
Nyabo hiyo nimeiona, nakubali ni kali. Ila kuna watu wako uchi pale, kuna yule wa bluu haswa 😂 mi nina vijana wa miaka 14 na mama zao wanapita dirishani.

BodaWaKawempe
The Boys basi. Mnazunguka nini.

Nyabo_wa_Kasese
@BodaWaKawempe umesoma kwamba kuna watoto wa miaka 14? The Boys kila epi kuna mtu analipuka utumbo unaruka ukutani. Tena pale mwovu mkubwa ni kampuni, Vought, serikali ni kama mteja wao tu. Mzee ameuliza serikali.

BodaWaKawempe
Kampuni ikishamnunua kila mtu si ndo serikali hiyo. Lakini sawa, nimenyamaza.

Mwalimu_Hadija (Bombo)
Habari zenu. Mimi ningependekeza Supergirl, lakini sizoni ya 4 peke yake, ile ya 2018 hadi 2019. Msicheke. Najua wengi mnaiona ya kitoto, na sizoni nyingine kweli ni za kupitisha muda, lakini ile ya 4 wameandika kwa akili.

Adui pale ni Ben Lockwood, mwalimu wa historia chuo kikuu. Hana nguvu yoyote. Epi ya tatu nzima inasimuliwa kwa upande wake: kiwanda cha chuma cha familia kinakufa kwa sababu ya teknolojia ya wageni kutoka sayari nyingine, nyumba yake inabomoka katika vita ambavyo Supergirl anashinda na kuruka zake bila kugeuka nyuma. Unamwona akianza kuongea darasani, halafu mikutanoni, halafu kwenye televisheni, na kila hatua anachosema kina ukweli kidogo ndani yake. Baadaye ile sheria ya kuwalinda wageni inafutwa na Rais anampa Lockwood ofisi ya kusimamia mambo ya wageni. Mtu aliyekuwa anawinda watu usiku akiwa amevaa kinyago sasa anawawinda mchana akiwa amevaa tai.

Kwa watoto ni salama, hakuna uchi, damu kidogo. Ubaya wake ni urefu, epi 22, na katikati kuna mapenzi mengi unaweza kuyaruka.

Opio_Sheria (Mbale)
Mi nina tatizo na hizi zote na nitalisema hapa hata mkinirukia. Hawa mutanti wana nguvu KWELI. Mtoto wa Strucker kweli ameangusha jengo la shule. Sasa ukisema serikali inakosea kuwaogopa, mtu atakuuliza, we ukikaa na jirani anayeweza kubomoa nyumba yako akikasirika utalala? Wanaobaguliwa kweli duniani hawana moto mikononi. Wahindi waliopewa siku 90 waondoke hapa kwetu Uganda Agosti 1972 walikuwa na nini? Duka, mzani na daftari la madeni. Hawakuweza kuangusha hata ukuta. Ndo maana naona mfano wa mutanti unaipa serikali kisingizio ambacho haistahili.

Kama ni serikali kupitiliza, tafuta The 4400, ya zamani, 2004 mpaka 2007. Watu 4400 waliopotea miaka tofauti wanarudi siku moja, serikali inawaweka karantini, halafu inawaachia kwa mbwembwe, kumbe imewadunga kwa siri dawa ya kuzuia nguvu zao zisitokee, bila kuwaambia, na dawa ile inakuja kuwafanya waugue. Hapo hakuna askari anayepiga kelele mlangoni. Kuna daktari, faili na kikao. Hiyo ndo serikali ninayoijua.

Mzee_wa_Flashi
@Opio_Sheria hoja nzito. Ila nikuulize, 1972 watu si waliambiwa wale Wahindi wananyonya uchumi wote? Yaani waliambiwa wana nguvu. Nguvu haikuwepo lakini hofu ilikuwepo, na hofu ndo iliyofanya kazi. Gifted inachofanya ni kukupa hofu yenye sababu kabisa halafu inakuuliza, haya, sasa na sababu unayo, utafanya nini na mtoto?

Na ndo maana pale nampenda Jace Turner, yule afande wa Sentinel Services. Binti yake alikufa kwenye lile tukio la 7/15 Dallas, yaani Julai 15, nguvu za mutanti zilipoua watu wengi. Kuna epi mutanti mmoja anaingia kichwani mwake kutafuta habari, anavuruga kumbukumbu, Turner anaamka asubuhi hakumbuki kwamba mtoto amekufa, anamuuliza mkewe mtoto yuko wapi. Mke anabaki kumwambia upya. Na aliyefanya hivyo ni upande wa stelingi wetu! Kibandani kwangu nilijaribu hicho kipande tu, hakuna aliyepiga mluzi.

Opio_Sheria (Mbale)
Hicho kipande nakupa. Bado nasema 4400.

Nesi_Acen (Lira)
Mbona hakuna aliyetaja Supacell? Netflix, Juni 2024, epi 6. Ya mwongozaji Rapman, London kusini, watu weusi watano wa kawaida wanapata nguvu, mmoja dereva wa kupeleka mizigo, mwingine nesi kama mi, mwingine ametoka jela anatafuta kazi hapati. Na kinachowaunganisha ni sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwenye familia. Sikoseli! Mi nafanya kazi na watoto wa sikoseli kila siku, ule utafiti wa hapa Uganda uliotoka 2016 ulionyesha 13.3% ya watoto waliopimwa wamebeba chembe hiyo na huku kwetu kaskazini wilaya nyingine zilipita 20%. Hapa kijijini mama akizaa mtoto wa hivyo anaambiwa amerogwa au ndoa yake ina laana. Halafu naona tamthilia ambapo kitu hicho hicho ndo mlango wa nguvu, na kuna watu wenye pesa na vyumba vya siri wanaokuja kuwakamata kwa ajili ya damu yao. Nililia, sisemi uongo.

Kwa swali la mzee lakini niwe mkweli, ubaguzi upo wa kutosha ila serikali haionekani sana, wanaokamata ni shirika la siri. Na matusi yapo mengi, ya Kiingereza cha London, VJ utaruka.

BodaWaKawempe
Watoto hawataelewa hayo matusi, hata Waingereza wenyewe wanahitaji maandishi chini.

Bahati_Nakivale
Miye niko huku Nakivale, kambi ya wakimbizi, mutoto wa Kivu. Nimesoma yote, minashangaa hakuna anayesema The Falcon and the Winter Soldier, 2021, epi 6 tu. Mnaongea mutanti, mnaongea watu wa sayari ingine, pale wanaongea wakimbizi waziwazi.

Nusu ya watu wa dunia walipotea miaka mitano. Wale waliobaki mipaka ikafunguka kwao, wakaitwa njooni mufanye kazi, njooni mukae kwenye hizi nyumba tupu. Kisha waliopotea wanarudi, na lile baraza la GRC, la dunia la kurudisha watu kwao, linasema sasa nyinyi ondokeni murudi kwenu. Kwenu wapi? Miaka mitano mutu ameoa, amezaa, amelima. Minajua watu wengi hapa wanaoishi na hilo swali kichwani ingawa Uganda sheria ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, hilo nashukuru kabisa. Dunia yote haiko hivyo.

Kisha kuna Isaiah Bradley, mzee mweusi aliyedungwa ile dawa ya nguvu ya Captain America, akapigania nchi, nchi ikamufunga miaka 30 ikamufanyia majaribio, ikafuta jina lake. Na Sam mwenyewe, ndiye Falcon, shujaa aliyeokoa dunia, anaenda benki kuomba mkopo wa boti ya familia, mutu wa benki anataka kupiga naye selfi, halafu mkopo hapana. Hakuna mutu aliyemutukana. Selfi ndio, mkopo hapana.

Nyabo_wa_Kasese
Ile ya benki iliniuma kuliko Isaiah. Ila Bahati, mbona waandishi waliwafanya wale watetezi wa wakimbizi walipue watu? Yule binti Karli, kiongozi wao, alikuwa na hoja, wakaona mtazamaji atamwunga mkono sana, wakampa bomu. Ujanja wa kiwoga ule.

Bahati_Nakivale
Ni kweli dada. Hiyo epi nilizima kidogo nikatoka inje. Wakimbizi hawakuwa na mutu mwingine wa kuwasemea pale isipokuwa yeye.

Mwalimu_Hadija (Bombo)
Hapo ndipo Gifted inawazidi wote, nakiri sasa. Mule hakuna aliyepewa bomu ili tumchukie kwa urahisi. Polaris, mutanti mwenzao, anachagua njia kali kwenye mwisho wa sizoni ya kwanza na familia inagawanyika kwa sababu hiyo, na ukiwauliza wanafunzi nani yuko sawa hutapata jibu moja. Sizoni ya pili ina yule mtangazaji wa televisheni anayechochea Purifiers, kundi la wanaochukia mutanti, naye Turner anazama huko. Mzee, usiwaoneshe bila sizoni ya pili.

Opio_Sheria (Mbale)
Spoila mwalimu!!

BodaWaKawempe
Imetoka 2017 bwana, spoila gani. Ungekuwa umeiona kabla ya ile kodi ya 2018 ya shilingi mia mbili kwa siku kutumia mitandao 😅

Mzee_wa_Flashi
Haya nimeamua. Tunaanza na Gifted sizoni ya kwanza, epi 13, mbili mbili kila Jumamosi. Tukimaliza tunaingia Falcon kwa heshima ya Bahati, maana nusu ya kibanda changu ni watu wa kambini, halafu turudi sizoni ya pili tukiwa na hasira mpya. Watchmen nitawaonyesha wakubwa peke yao usiku, dirisha limefungwa. 4400 sijaipata popote hapa Arua, Opio kama unayo niwekee kwenye flashi utume na basi, nitalipa. Bando la kudanlodi epi 44 sina.

Mwalimu_Hadija (Bombo)
Vizuri. Swali moja, ukiwa unatafsiri Turner unampa sauti gani?

Mzee_wa_Flashi
Ile nzito ya majambazi, kama kawaida. Vijana wanaipenda.

Mwalimu_Hadija (Bombo)
Hapana mzee wangu. Mpe sauti ya baba. Ukimpa ya jambazi umewaamulia kesi kabla hawajasikiliza.

Mzee_wa_Flashi
Nimekusikia mwalimu. Jumamosi saa moja usiku, mia tano kwa kichwa, na atakayechelewa asiniambie nirudishe mwanzo.